Kupima slabu ya daraja kuukuu kwa rada: mwongozo kwa anayeanza

Mtu mpya akikabidhiwa mashine ya rada, maswali ni yale yale. Nitaiona kutu? Nisukume kuelekea wapi? Lami niitoe kwanza? Kwa nini ramani yangu yote imekuwa nyekundu? Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu kwa ujumbe wa sauti nikiwa nimebanwa kwenye daladala, na sasa nayaweka hapa yote ili anayefuata nimwelekeze huku.

Mwongozo huu ni wa slabu ya zege yenye nondo, ile sakafu ya daraja ambayo magari yanapita juu yake, iwe imefunikwa lami au iko wazi. Nachukulia kwamba unatumia rada ya kusukuma kwa mkono, antena ikiwa imegusa au karibu kugusa uso wa slabu. Zile antena za pembe zinazofungwa nyuma ya gari na kupima kwa mwendo wa barabara kuu ni kazi nyingine.

Kabla ya yote, hili

Rada haioni kutu. Haioni pia ufa mkavu mwembamba kama karatasi, hata ukiwa umeachanisha tabaka la juu la zege na la chini. Inachoona vizuri ni maji na chumvi.

Antena inatuma pigo fupi la redio, pigo linaingia kwenye zege, linagonga nondo, linarudi. Zege zima na kavu linaupitisha mwangwi bila taabu. Zege lililonyonya maji yenye chumvi linaumeza, na nondo ile ile, kwenye kina kile kile, inarudisha sauti hafifu. Kwa hiyo mwangwi dhaifu maana yake ni kwamba mazingira ya kutu yapo hapo, si kwamba kutu yenyewe imepigwa picha. Ukilishika hili utaepuka nusu ya aibu za kazi hii.

La pili ni chumvi inatoka wapi. Mbinu nyingi tunazotumia zilikuzwa Marekani na Kanada, ambako majira ya baridi watu hutia chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na magari yanaikanyaga iingie kwenye slabu kutoka juu. Daraja la pwani yetu halitiwi chumvi na mtu. Chumvi inaletwa na upepo wa bahari na matone ya mawimbi, inashika kingo na tumbo la slabu. Rada inayosukumwa juu inasoma zaidi nondo za juu. Unaweza kutoka na ramani safi kabisa huku chini nondo zinachungulia nje na kutu inachuruzika. Kwa hiyo shuka ukaangalie chini, hata ikibidi kukodi mtumbwi.

Unachohitaji

Rada yenye antena ya masafa kati ya gigahezi 1.5 na 2.6. Ya 1.5 au 1.6 inakupa kina cha kutosha, yaani sentimita 40 na zaidi kidogo zege likiwa kavu. Ya 2.6 inaona kwa ukali zaidi lakini inaishiwa nguvu mapema. Ukiwa na moja tu, chukua ya 1.6. Antena ya megahezi 400 ni ya kutafuta mabomba ardhini, na mtu akikwambia inatosha kwa slabu, mshukuru na uirudishe stoo.

Kigari chenye gurudumu la kupimia umbali. Tepu ya mita 50, kamba ya uashi, chaki nyingi. Mkanda wa foili ya alumini. Nyundo ya gramu 500 hivi, na mnyororo mzito wa chuma wenye urefu wa mita moja au mbili. Drili ya nyundo na biti ya milimita 10. Michoro ya daraja, kama ipo. Daftari la karatasi, maana tableti ikipata joto inazima na kumbukumbu zako zinaondoka nayo. Mwavuli mkubwa wa kukinga skrini na jua; usicheke, skrini iliyopigwa jua la saa saba haisomeki.

Kibali cha maandishi kutoka kwa mwenye daraja: TANROADS kwa barabara kuu za Tanzania Bara, KeNHA kwa zile za Kenya, au mamlaka ya mji inayohusika. Koni, reflekta kwa kila mtu, na angalau watu wawili wa bendera ambao hawana kazi nyingine yoyote.

Hatua

1. Soma michoro, kisha litembee daraja

Unatafuta mambo matatu. Nondo za juu kabisa zinalala upande gani? Ziko umbali gani toka moja hadi nyingine? Kuna nyaya za kukaza ndani? Kwenye madaraja mengi ya mihimili, nondo za juu kabisa zinakatiza barabara, toka ukingo hadi ukingo. Lakini usidhani, hakikisha. Madaraja yaliyopinda au yaliyokaa mshazari juu ya mto yana tabia zake, na slabu fupi isiyo na mihimili huwa na nondo kuu zinazofuata barabara.

Suala la nyaya ni la usalama. Madaraja makubwa ya pwani, kama lile la Nyali lililofunguliwa 1980 na la Kilifi la 1991, ni ya zege lililokazwa kwa nyaya za chuma. Kutoboa hovyo kwenye daraja la namna hiyo ni kosa ambalo halisahihishwi. Kama hujui nyaya zilipo, hutoboi.

Ukitembea, chora kwenye daftari kila kiraka, kila ufa mkubwa, kila mahali maji yanapotuama, na kila bomba la maji ya mvua lililoziba. Michoro hiyo ya mkono itakuokoa ukiwa ofisini unashangaa doa jekundu limetoka wapi.

2. Chagua siku kavu

Slabu iliyolowa inadanganya: maji ya juu yanameza nguvu kabla pigo halijafika popote. Ikinyesha, subiri angalau saa 24 za jua, na zaidi kama kuna lami juu, maana maji hubaki yamekaa kati ya lami na zege. Pwani, Januari na Februari, kaskazi ikivuma, ndio wakati mzuri. Masika usijisumbue.

Zege jipya nalo lina maji mengi ndani. Kiraka kilichomwagwa mwezi uliopita kitatoka kama kimeoza. Kiandike daftarini na usikihukumu.

3. Funga njia

Njia moja kwa wakati, na koni zianze mbali kabla ya daraja. Pikipiki ndizo za kuogopwa. Bodaboda anaona pengo kati ya koni mbili kama mwaliko. Usiku kuna magari machache, lakini madereva wake wana usingizi. Mimi napima alfajiri hadi saa nne asubuhi. Mtu wa bendera akienda kunywa chai, kazi inasimama.

Jiandae pia kwa watazamaji. Mtu akisukuma kigari chenye skrini darajani, wapita njia wanajua tayari anatafuta rupia za Mjerumani. Mweke mmoja wenu mwenye maneno matamu awajibu, wewe usitoe macho kwenye skrini.

4. Chora gridi

Mistari ya kupimia lazima ikatize nondo za juu kwa pembe mraba. Nondo zikikatiza barabara, wewe sukuma kufuata barabara.

Hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoangukia. Mwaka wangu wa kwanza nilipima slabu nzima nikiwa sambamba na nondo. Badala ya pinde, yaani kile kimgongo ambacho kila nondo huchora kwenye skrini, nikaona mistari mirefu iliyolala, imenyooka, mizuri. Nikaandika kwa furaha kwamba zege limeachana tabaka kila mahali. Fundi nondo mmoja, mzee wa makamo aliyekuwa anasubiri gari, akachungulia begani kwangu akasema, “Mwanangu, si hizo ni nondo tu zimelala?” Tulirudia siku mbili za kazi.

Nafasi kati ya mistari: sentimita 60 kwa kazi ya kawaida, 30 mahali panapotia shaka. Mstari wa kwanza uwe sentimita 30 toka ukingoni. Kwa barabara yenye upana wa mita 7.2 utapata mistari 12. Daraja likiwa na urefu wa mita 40, hiyo ni mita 480 za kusukuma. Ukienda polepole, nusu mita kwa sekunde, ni dakika 16 tu za kusukuma. Saa nyingine zote zitaliwa na chaki, koni na kubishana na madereva.

Bandika kipande cha foili kikatize mistari yote mwanzoni, na kingine mwishoni. Foili inatoka kwenye data kama mng'aro usiokosewa, na ukiwa ofisini unajua kila mstari ulianzia na kuishia wapi. Ni senti chache zinazookoa siku nzima.

5. Hakiki gurudumu

Pima mita 20 kwa tepu, sukuma, soma. Mashine ikisema 19.6 una kosa la asilimia 2. Unaona ni dogo? Kwenye mita 40 ni sentimita 80, na kama nondo ziko kila sentimita 15, umeshapotea kwa nondo tano. Rekebisha kwenye mipangilio, rudia hadi ikae sawa. Matope kwenye tairi yanabadilisha kipimo, kwa hiyo lifute.

6. Weka mipangilio, kisha usiiguse

Piga kila milimita 5 au chini ya hapo, 2.5 ni bora kama mashine inaweza. Dirisha la muda, yaani muda wa kusikiliza mwangwi, liwe nanosekunde 10 hadi 12 kwa antena ya gigahezi 1.6. Sampuli 512 kwa kila pigo.

Kisha ukuzaji wa mwangwi. Weka antena mahali penye nondo nzuri, pandisha hadi mwangwi uonekane vizuri bila kugonga dari ya skrini. Kilele kikikatwa bapa, umepandisha mno, na nguvu halisi ya mwangwi imepotea moja kwa moja.

Angalizo: zima ukuzaji wa kujiendesha. Kazi yote hii ni kulinganisha nguvu ya mwangwi toka sehemu moja hadi nyingine. Mashine ikijirekebisha yenyewe kila mstari, umelinganisha kelele ya soko la Kariakoo na ya msikitini baada ya kupandisha na kushusha kinasa sauti kila ulipoingia. Mpangilio mmoja, mwanzo hadi mwisho, hata kama utarudi kesho.

7. Pata kasi halisi ya wimbi

Kasi ya wimbi ndani ya zege ni sentimita 30 kwa nanosekunde, ugawe kwa kipeuo cha pili cha thamani ya dielektriki, namba inayoonyesha jinsi kitu kinavyolipunguzia wimbi mwendo. Kwa zege thamani hiyo huwa kati ya 6 na 11 hivi, likilowa inapanda. Ikiwa 9, kasi ni sentimita 10 kwa nanosekunde. Mwangwi uliorudi baada ya nanosekunde 1.2 umeenda na kurudi, kwa hiyo nondo iko sentimita 6. Ungechukua 6.25 iliyokuja na mashine toka kiwandani, ungepata 7.2. Hizo milimita 12 za kava (unene wa zege juu ya nondo) ya uongo zinatosha kubadilisha uamuzi wa mtu.

Kwa hiyo usikisie. Tafuta nondo kwa rada, weka alama, toboa polepole kwa biti nyembamba mpaka uguse chuma, pima kina. Tuseme kava ni milimita 52 na muda ulikuwa nanosekunde 1.1. Kwenda na kurudi ni sentimita 10.4, gawa kwa 1.1, kasi ni 9.45. Dielektriki inakuja kama 10. Fanya hivyo mahali patatu tofauti, kisha ziba matundu kwa saruji ya ukarabati siku hiyo hiyo. Kama kuna mahali zege limeshameguka na nondo iko wazi, pima pembeni yake bila kutoboa kabisa, ingawa zege la hapo huwa si la kawaida.

Kukiwa na lami juu, una matabaka mawili yenye kasi mbili. Kata shimo dogo la lami ujue unene wake, hesabu kila tabaka peke yake. Lami yenyewe huna haja ya kuitoa.

8. Sukuma

Mwendo wa polepole na sawasawa, antena ikiwa imekaa chini. Mashine nyingi zinalia ukizidisha mwendo; ukisikia mlio, rudia mstari. Sukuma mistari yote kuelekea upande mmoja. Kwenda na kurudi kama anayelima kwa ng'ombe kunaokoa muda, lakini nusu ya faili zitakuwa zimegeuka, na siku moja utasahau kugeuza moja.

Jua pia kwamba katikati ya antena si pale tairi la mbele lilipo. Pima tofauti hiyo kwa tepu, iandike.

Jina la faili liwe na maana: njia, namba ya mstari, tarehe. Kila mstari ukiisha, andika daftarini umbali uliosomwa na jambo lolote la ajabu: “mstari 7, mita 22, nimekwepa shimo”. Simu iwe mbali na antena. Simu inayotafuta mtandao inachafua data.

9. Gonga na buruta mnyororo

Ukiwa bado na koni, tumia masikio. Kwenye slabu isiyo na lami, buruta mnyororo ukiuyumbisha huku na huku kwa mapana. Zege zima linatoa mlio mkali, mwembamba. Zege lililoachana tabaka linatoa mlio mzito wa kitu chenye uwazi ndani, kama kugonga debe. Ukisikia hivyo, chukua nyundo, tafuta mpaka wake, uchore kwa chaki, uhamishie daftarini kwa vipimo vya gridi yako.

Hii ndiyo dawa ya lile jambo la mwanzo. Rada inaona unyevu na chumvi, mnyororo unasikia utengano. Mara nyingi madoa ya rada ni mapana kuliko ya mnyororo, kwa sababu chumvi inafika kabla zege halijapasuka. Juu ya lami mnyororo hauaminiki.

Ukiwa na kifaa cha kupima volti za kutu chenye elektrodi ya shaba na salfati ya shaba, kitumie pia. Kwa kiwango cha Kimarekani cha ASTM C876, kusoma hasi zaidi ya milivolti −350 kunamaanisha uwezekano wa kutu unaoendelea ni zaidi ya asilimia 90. Kifaa hiki kinataka kugusa nondo kwa waya, na lami isiwepo.

10. Chakata

Fungua faili moja moja, uzitazame kwa macho kabla ya kubonyeza chochote. Kila nondo inaonekana kama upinde mdogo, kama mgongo wa samaki. Foili za mwanzo na mwisho zipo? Umbali unalingana?

Kisha: sogeza sifuri ya muda, yaani pale hesabu ya muda inapoanza, ifike kwenye uso wa slabu, geuza faili zilizopinduka, na uchague kilele cha kila upinde. Programu itachagua yenyewe na itakosea, ipitie. Inachopenda ni kuruka mahali mwangwi ni hafifu, yaani pale pale ulipokuja kupatafuta. Pinde zinazofifia hadi kupotea ziwekee alama kwa mkono, ukifuata mpangilio wa nondo za jirani.

Toa jedwali lenye safu nne: umbali, mstari, muda, nguvu ya mwangwi kwa desibeli.

11. Ondoa athari ya kina

Wengi wanaruka hatua hii na ndiyo inayozaa ramani za uongo. Nondo iliyo chini zaidi inarudisha mwangwi hafifu hata kama zege ni zima, kwa sababu ya safari ndefu. Mafundi wa zamani wakisahau biskuti (vile vipande vya kuinua nondo) chini ya nondo, nondo zinazama, na wewe ungewasingizia chumvi.

Chora nukta zote: muda chini, desibeli pembeni. Utaona wingu linaloteremka kuelekea kulia. Ligawe kwa vipande vya nanosekunde 0.2. Kwenye kila kipande tafuta thamani ambayo asilimia 90 ya nukta ziko chini yake. Pitisha mstari ulionyooka kwenye hizo thamani. Huo ndio mstari wa zege zima. Kila nukta, toa thamani ya mstari kwenye muda wake. Kinachobaki ni upungufu usiotokana na kina. Programu ya kawaida ya majedwali inatosha.

Angalizo: mbinu hii inachukulia kwamba kila kina kina sehemu nzima ya kulinganishia. Daraja likiwa bovu lote, ubovu unakuwa ndio kipimo, na ramani inatoka ya kupendeza. Ndiyo maana kuna hatua inayofuata.

12. Chora ramani, kisha ithibitishe kwa kora

Ramani ya rangi ni ya kulinganisha: nyekundu ni mwangwi hafifu, kijani ni mzuri. Haina namba moja ya kudumu inayosema “hapa ni pabovu” kwa kila daraja. Wapimaji wengi huanza kutilia shaka upungufu wa desibeli 6 hadi 8, na desibeli 6 ni sawa na kimo cha wimbi kubaki nusu. Lakini mpaka halisi wa daraja lako unautafuta wewe.

Chagua mahali pa kukata kora, yaani vile vipande vya mviringo vinavyokatwa kwa mashine: kimoja penye mwangwi mzuri, kimoja pabaya kabisa, viwili au vitatu pale katikati panapobishaniwa. Kora za katikati ndizo zenye faida, ingawa kila mteja atataka uikate ile nyekundu tu. Tumia rada kukwepa nondo na nyaya. Maabara ipime chumvi kwa kina, si kwa jumla, ili ujue imefika kwenye nondo au bado iko juu.

Halafu sogeza mpaka wa rangi ukubaliane na kora, mnyororo na volti. Kisha tu ndipo uhesabu mita za mraba.

13. Andika ripoti

Sema ulipima nini: nondo za juu. Sema hukupima nini: tumbo la slabu, mihimili, nguzo. Weka ramani, orodha ya kora, picha za chini ya daraja, hali ya hewa ya siku hiyo na siku mbili za nyuma, na mipangilio yote ya mashine ili atakayekuja baada ya miaka mitano arudie vile vile. Usiandike kipenyo cha nondo kutokana na rada. Rada haikipimi kwa namna ya kutegemewa. Usiandike pia kwamba daraja “ni salama”. Hilo linasemwa na mhandisi wa miundo baada ya hesabu zake.

Mambo yakienda kombo

Huoni pinde kabisa, ni ukungu tu. Slabu imelowa, au masafa ya antena si yake, au kuna tabaka la chuma kati ya lami na zege. Jaribu kwanza mahali pakavu unapopajua. Zege lenye nyuzi za chuma pia linazuia, na hapo rada haina msaada.

Mistari mirefu iliyolala badala ya pinde. Umesukuma sambamba na nondo. Geuka. Unajua nilivyojua.

Ramani yote nyekundu. Angalia kama ulipima baada ya mvua, kisha angalia kama uliruka hatua ya 11. Kama vyote viko sawa, kata kora kabla ya kumpigia mtu simu.

Mstari mmoja una rangi tofauti na majirani zake wote, toka mwanzo hadi mwisho. Uharibifu haufuati chaki yako. Ama ukuzaji uliguswa, ama betri ilikuwa inaisha, ama antena ilikuwa imeinuka kwa sababu ya kokoto chini ya kigari. Rudia mstari huo.

Pinde za mistari ya jirani hazilingani, zinakwenda upande kama meno ya msumeno. Kuna faili hazikugeuzwa, au hukutoa tofauti ya tairi na antena. Zipange kwa foili.

Mng'aro mkali unaojirudia kwenda chini, sawa kwenye mistari yote. Ni chuma cha maungio ya daraja. Kata sehemu hiyo kwenye data, sentimita 30 hivi kila upande.

Michirizi ya wima isiyo na mpangilio. Simu ya mtu, au redio ya upepo ya askari wa barabarani. Mwombe afande asogee hatua chache, kwa heshima.

Kava inatoka tofauti na tundu ulilotoboa. Sifuri ya muda haijakaa kwenye uso. Irekebishe kwanza kabla ya kuchezea dielektriki, maana ukibadilisha dielektriki utapata jibu sahihi kwenye tundu hilo moja na kosa kila mahali pengine.

Mnyororo unalia kama debe lakini rada inaonyesha kijani. Zote mbili ziko sawa: tabaka limeachana na ni kavu. Amini mnyororo, chora eneo hilo, lihesabu kama bovu.

Rada nyekundu, mnyororo mzima. Chumvi imefika, zege bado halijaachana. Hapo ndipo pa kukata ile kora ya katikati, na ndipo mwenye daraja anapoweza kukarabati kwa gharama ndogo akiwahi.